Nyuma ya Kopo: Kusoma na Kulinganisha Viambato vya Mafuta ya Ngozi

Mhadhara kwa umma, Mosocho, Kaunti ya Kisii

 

Kopo lolote la mafuta ya kujipaka lina maneno ya aina mbili. Maneno ya mbele ni makubwa, yana rangi, yana picha ya avokado iliyokatwa au ya shavu linalong'aa, na yameandikwa na mtu anayetaka ununue. Maneno ya nyuma ni madogo kiasi kwamba asiye na miwani huyaacha. Hayo ya nyuma hayakuandikwa kwa hiari. Viwango vya vipodozi vya Afrika Mashariki, vinavyosimamiwa hapa kwetu na Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, vinamtaka mtengenezaji ataje alichotia ndani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 nacho kinampa mnunuzi haki ya kupata taarifa anazohitaji kuhusu bidhaa, na haki ya kulindwa afya yake. Kwa hiyo anayegeuza kopo na kulisoma palepale dukani hamsumbui mwenye duka. Anatumia haki yake.

Ninawaomba leo mjifunze kuyaamini maneno ya nyuma zaidi ya yale ya mbele. Kisha nitawaonyesha mahali ambapo hata hayo ya nyuma hunyamaza, kwa sababu vitu vilivyowadhuru Wakenya vibaya zaidi kupitia ngozi viliingia nyumbani bila mnunuzi kujua ni nini.

Tuanze na mpangilio. Viambato huorodheshwa kwa uzito. Kilicho kingi hutangulia, kinachofuata ni kidogo kuliko hicho, na huenda hivyo mpaka kufika asilimia 1. Chini ya asilimia 1 mtengenezaji anaruhusiwa kupanga vilivyobaki apendavyo. Mmekaa kwenye harambee mkasikia majina yakisomwa: aliyetoa laki hutangulia, wa elfu hamsini hufuata, na mwishoni wale wa mia mia husomwa bila mpangilio wowote. Orodha ya viambato husomwa vivyo hivyo, na mara nyingi jina lililochorwa mbele kwa rangi ya dhahabu ndilo lililotoa shilingi mia.

Majina yenyewe ni ya Kilatini na Kiingereza kwa sababu watengenezaji wa nchi nyingi wamekubaliana kutumia majina yale yale. Nitayataja kama yanavyochapishwa ili mkiyaona myatambue. Aqua ni maji. Cocos Nucifera ni nazi. Ricinus Communis ni nyonyo. Cera Alba ni nta ya nyuki. Butyrospermum Parkii ni shea, mti ambao kaskazini mwa Uganda watu wamekuwa wakikamua mafuta yake vizazi na vizazi. Aloe Barbadensis ni mshubiri. Persea Gratissima ni avokado, ile ile iliyoangukia paa lako jana usiku. Sodium Palmate ni mafuta ya mawese yaliyogeuzwa kuwa sabuni, na Sodium Tallowate ni mafuta ya mnyama yaliyogeuzwa kuwa sabuni. Ukiyajua majina kumi ya namna hii, nusu ya woga wa herufi ndogo umekwisha.

Sasa chukueni vitu viwili mnavyovijua. Cha kwanza ni mafuta mazito ya kujipaka, yale ambayo kila mwanafunzi wa bweni, awe wa Cardinal Otunga hapa au wa kwingineko, hubeba kwenye sanduku la chuma. Geuza mkebe. Utakuta Petrolatum, na labda Parfum, yaani manukato. Basi. Ni zao la mafuta ya petroli lililosafishwa. Mmarekani Robert Chesebrough aliliwekea hataza mwaka 1872 kwa jina la Vaseline, baada ya kuona wafanyakazi wa visima vya mafuta kule Pennsylvania wakijipaka masalia ya nta ya mitambo kwenye majeraha yao ya moto. Hapa Kenya tunalo pia Arimis, lililotengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua, likahamia kwenye ngozi za watu na likakaa.

Petrolatum haiongezi maji kwenye ngozi. Kazi yake ni kuzuia yaliyomo yasitoke, na katika kazi hiyo ni vigumu kupata kiambato kinachoishinda, cha bei yoyote. Kutokana na hilo linafuata jambo ambalo halijaandikwa kwenye mkebe: jipake ngozi ikiwa bado ina unyevu, dakika chache baada ya kuoga. Ukijipaka saa nzima baadaye, ngozi ikiwa imeshakauka kwa baridi ya asubuhi ya huku kwetu milimani, umefunga mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Cha pili ni losheni. Nimejitungia orodha yake ili nisimsingizie mtengenezaji yeyote, lakini mtaukuta mfano wake karibu kila rafu: Aqua, Glycerin, Paraffinum Liquidum, Cetearyl Alcohol, Stearic Acid, Phenoxyethanol, Persea Gratissima Oil, Niacinamide, Parfum. Mbele ya chupa kumechorwa avokado.

Tuisome. Cha kwanza ni maji, na katika losheni nyingi maji huwa zaidi ya nusu ya chupa. Si ulaghai, maana losheni haiwezi kutengenezwa bila maji. Lakini ukilinganisha bei, kumbuka kwamba gramu mia za losheni na gramu mia za mafuta mazito si kitu kimoja. Cha pili ni glisirini, ambayo huvuta maji na kuyashika kwenye ngozi. Ni kiambato kizuri, cha zamani, cha bei nafuu, na kukiona nafasi ya pili ni habari njema. Kwenye kemisti huuzwa pia peke yake kwa chupa ndogo; anayeinunua hivyo aizimue kwa maji kabla ya kujipaka. Yanafuata mafuta mepesi ya madini, ndugu wa Petrolatum. Cetearyl Alcohol inawatisha wengi kwa jina lake, lakini si ile spiriti ya kusafishia vidonda. Ni kitu kama nta, kinachofanya losheni iwe nzito na laini.

Halafu tunafika kwenye Phenoxyethanol, na hapa ninawaomba mwandike. Hiki ni kihifadhi, huzuia vijidudu visiote ndani ya chupa, na viwango vya Ulaya, ambavyo watengenezaji wengi duniani huvifuata, haviruhusu kizidi asilimia 1. Kwa hiyo kila kinachotajwa baada yake kwa kawaida hakizidi asilimia 1 nacho. Phenoxyethanol inakuchorea mstari ndani ya orodha. Sasa tazameni avokado yetu iko wapi. Iko chini ya mstari. Katika chupa ya mililita 200, asilimia 1 ni mililita 2, haifiki nusu ya kijiko cha chai. Inaweza kuwa mililita hizo mbili, inaweza kuwa matone mawili; orodha haisemi. Mama wa Mosocho ambaye avokado zinamwozea shambani amelipia nauli ya matatu hadi mjini na bei ya juu dukani ili anunue matone ya avokado yaliyoelea ndani ya maji. Ningependa kila msichana aliye humu ndani aweze kufanya hesabu hiyo akiwa amesimama mbele ya rafu.

Na Niacinamide? Hiyo ni vitamini B3, jamii ya ile niasini ambayo viwanda vya unga wa mahindi vimetakiwa kuongeza tangu serikali ilipofanya urutubishaji kuwa lazima mwaka 2012. Ikipakwa kwenye ngozi hupunguza usafirishaji wa rangi kutoka seli zinazoitengeneza kwenda seli za juu. Kwa alama nyeusi zinazoachwa na chunusi kwenye ngozi zetu, ni miongoni mwa vitu salama vilivyochunguzwa vikaonekana kusaidia, pole pole, kwa wiki nane au zaidi. Lakini tafiti zilitumia asilimia 4 au 5. Ikiwa chini ya mstari, haijafika hapo. Chupa mbili zinaweza zote kuandika mbele kwamba zina niasinamidi: moja imeitaja nafasi ya tatu, nyingine nafasi ya nane. Hizo si bidhaa zinazofanana, hata kama zinauzwa bei moja. Nikiulizwa kulinganisha ni nini, nitajibu kwa mfano huo.

Kuna mwanafunzi atakayeuliza: basi kila kilicho chini ya asilimia 1 ni bure? Hapana. Manukato hufanya kazi yake yakiwa kidogo sana, na huwasha ngozi yakiwa kidogo sana. Retinol huleta mabadiliko kwenye ngozi ikiwa chini ya asilimia 1. Kihifadhi kiitwacho Methylisothiazolinone kilisababisha mizio mingi kwa kiasi kidogo mno, hadi Ulaya ikakiondoa mwaka 2017 kwenye vipodozi vinavyobaki mwilini bila kuoshwa. Nafasi katika orodha inakuambia kiasi. Haikuambii nguvu. Ni lazima ujue vyote viwili, na hapo ndipo watu wengi, hata waliosoma, wanapoteleza.

Mfano ulio mbaya zaidi uko kwenye vibanda vya soko, Daraja Mbili na kwingine, na umepangwa pamoja na losheni kana kwamba ni losheni. Ni vityubu vyembamba vilivyoandikwa Clobetasol Propionate 0.05%. Mtu akiviweka kando ya tyubu ya Hydrocortisone 1% kutoka kemisti, ataona 1 na ataona 0.05, na atachagua ile ya pili akidhani ni nyepesi kwa ngozi ya mtoto. Zote mbili ni steroidi. Hydrocortisone ya asilimia 1 iko katika daraja la chini kabisa la nguvu. Clobetasol ya 0.05 iko katika daraja la juu kabisa, na uwezo wake ukipimwa kwenye ngozi unaizidi ile nyingine kwa mamia ya mara. Asilimia hulinganishwa ndani ya kiambato kimoja tu: clobetasol kwa clobetasol, niasinamidi kwa niasinamidi. Kulinganisha asilimia za vitu viwili tofauti ni kujidanganya kwa namba.

Steroidi ni dawa. Daktari akiiandika kwa ukurutu, kwa siku alizozitaja, mahali alipopataja, inaponya. Inapogeuzwa kuwa krimu ya uso ya kila siku, mwanzoni inafurahisha: uso unakuwa mweupe, chunusi zinatulia, watu wanakusifu kanisani. Miezi ikipita ngozi inakonda hadi mishipa inaonekana, michirizi isiyofutika inajitokeza mapajani na makwapani, chunusi zinarudi kwa hasira. Ukijipaka juu ya mashilingi ya mtoto, mwasho unapoa na wewe unadhani amepona, kumbe kuvu inaendelea kutambaa chini kwa chini kwa sababu umelaza kinga ya mwili iliyokuwa ikipigana nayo.

Mpaka hapa nimezungumza juu ya vitu vilivyoandikwa. Sasa nije kwa visivyoandikwa.

Mwaka 1972 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha utafiti uliofanywa Nairobi na R. D. Barr na wenzake. Waliwachunguza wagonjwa 60, Waafrika watu wazima, waliokuwa na ugonjwa wa figo unaofanya protini imwagike kwenye mkojo na mwili uvimbe. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamejipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye kampaundi ya zebaki. Miongoni mwa wagonjwa wengine waliolazwa wodi za kawaida, waliotumia krimu hizo walikuwa asilimia 11 tu. Krimu zenyewe zilikuwa na asilimia 5 hadi 10 ya kampaundi hiyo. Waliopimwa na kufuatiliwa baada ya kuacha, karibu nusu walipata nafuu. Hebu lifikirieni hilo vizuri: wanawake vijana wa mji mkuu, miaka michache baada ya uhuru, figo zao zinaharibika kupitia mashavu.

Kwa nini zebaki? Kwa sababu huzuia kimeng'enya ambacho seli za ngozi hutumia kutengeneza rangi. Rangi haitengenezwi, ngozi inang'aa. Lakini zebaki haibaki usoni. Inapita, inaingia kwenye damu, na figo ndizo zinazoipokea.

Mngedhani baada ya 1972 mambo yalikwisha. Miaka karibu thelathini baadaye, watafiti wa Japani wakiongozwa na Masazumi Harada walikuja kwenye Ziwa Victoria. Harada alikuwa daktari aliyetumia maisha yake kuwafuatilia wagonjwa wa Minamata, mji wa wavuvi uliotiwa sumu ya zebaki na kiwanda. Hofu iliyowaleta ziwani ilikuwa migodi ya dhahabu, kwa sababu wachimbaji wadogo wa ukanda huu, hata hapa jirani Migori, huitumia zebaki kukamatia dhahabu. Walipima nywele za watu. Katika utafiti wao wa Kenya, uliochapishwa mwaka 2001, viwango vilivyowashtua havikutoka mgodini wala kwenye samaki. Vilitoka kwa watu waliokuwa wakioga kwa sabuni za kung'arisha ngozi, zilizotengenezwa Ulaya, zenye zebaki ya hadi asilimia 1.7. Baadhi yao walikuwa na uchovu, kizunguzungu na mikono inayotetemeka.

Kikomo ambacho sheria za nchi nyingi ziliruhusu, kama masalia yasiyokusudiwa, kilikuwa sehemu 1 katika milioni. Asilimia 1.7 ni sehemu 17,000 katika milioni. Ni mara elfu kumi na saba ya kikomo, katika kipande cha sabuni kinachokaa bafuni, ambacho baba, mama na watoto wote wanakitumia.

Na kuna jambo ambalo sitalipita kimya. Ulaya ilipiga marufuku zebaki katika vipodozi vya watu wake mwaka 1976. Viwanda vyake viliendelea kutengeneza sabuni hizo kwa ajili ya kuziuza nje, na ni mwaka 2003 tu ndipo sheria ya Ulaya ilipokataza zisisafirishwe. Kwa zaidi ya robo karne, kitu kilichojulikana kuwa sumu kwa ngozi ya mwanamke wa London kilikuwa bidhaa halali ya kumpelekea mwanamke wa Kisumu. Ninalisema ili kijana anapoambiwa dukani kwamba hii ni nzuri kwa sababu imetoka ng'ambo, ajue kwamba kutoka ng'ambo si ushahidi wa chochote.

Kenya ilipiga marufuku zebaki, haidrokwinoni na homoni katika vipodozi mwaka 1998, kwa tangazo la kisheria namba 310. Rwanda ilianza msako mkali wa krimu za kujichubua mwishoni mwa 2018. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, uliopitishwa Japani mwaka 2013, uliweka vipodozi vya zebaki katika bidhaa za kuondolewa, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kukifuta hata kile kikomo cha sehemu moja katika milioni, ili chochote kilichotiwa zebaki kwa makusudi kisitengenezwe, kisiagizwe wala kisiuzwe nje ya nchi baada ya 2025. Sheria ziko. Bidhaa nazo bado ziko, zinaingia kwa mipaka na kwa simu, zinapimwa kutoka kwenye ndoo na kutiwa katika makopo yasiyo na jina. Mkorogo huo hauna orodha nyuma ya kopo.

Haidrokwinoni niitaje kwa kifupi, maana hatari yake mnaijua kwa macho. Hupunguza rangi mwanzoni. Mwaka 1975 daktari G. H. Findlay na wenzake huko Afrika Kusini walieleza kilichowapata wanawake waliotumia krimu zenye haidrokwinoni kwa muda mrefu juani: mashavu yalifanya weusi wa kibuluu na vipele vidogo, weusi mbaya kuliko ule waliokuwa wakiukimbia, na hauondoki kwa urahisi. Mkimwona mama mwenye uso mwekundu na vifundo vya vidole vilivyobaki vyeusi, msimcheke. Aliuziwa.

Basi mtu atajikingaje na kisichoandikwa? Namba ni ya kwanza. Bidhaa iliyothibitishwa na KEBS ina alama ya ubora pamoja na namba ya kibali chini yake. Alama peke yake inaweza kuchorwa na yeyote, kwa hiyo itume ile namba. Andika SM, alama ya reli, halafu namba ya kibali, utume kwa 20023, na jibu litakuambia kibali ni cha kampuni gani na cha bidhaa gani. Kibali kikiwa cha maji ya chupa na wewe umeshika krimu, mrudishie mwenyewe. Bidhaa za kutoka nje nazo huwa na stika ya uagizaji yenye namba yake.

Kisha soma maagizo ya matumizi. Shirika la Afya Duniani limetahadharisha kwamba krimu inayokuambia usiiguse kwa dhahabu, fedha, mpira, alumini au vito inaweza kuwa na zebaki, kwa sababu zebaki hushambulia metali kama hizo. Mtengenezaji amekataa kuitaja kwenye orodha, lakini ameogopa pete yako isije ikaharibika ukamdai. Na ukikuta maneno kama Calomel, Mercuric Iodide, Ammoniated Mercury au Mercurio, hayo ni majina ya zebaki na kampaundi zake.

Jambo jingine ni kasi. Vitu halali vinavyosaidia alama za ngozi huchukua miezi. Krimu inayobadilisha uso kwa siku saba ina steroidi, au haidrokwinoni, au zebaki, au zote pamoja, hata kama orodha yake imejaa majina ya matunda. Na mahali ambapo hakuna orodha kabisa, hakuna kampuni, hakuna tarehe, usinunue. Hapo sina maelezo ya kuongeza.

Nimeulizwa mara nyingi juu ya parabeni na juu ya vitu vya asili. Parabeni zimeogopwa tangu mwaka 2004, utafiti mdogo wa Uingereza ulipozikuta kwenye sampuli za uvimbe wa matiti bila kuonyesha kwamba ndizo zilizousababisha. Ni vihifadhi vya zamani, hutiwa chini ya asilimia 1, na chama cha Marekani cha madaktari wa mizio ya ngozi kilizitangaza mwaka 2019 kuwa miongoni mwa vitu visivyoleta mizio kirahisi. Mara nyingi kopo linalojisifu kwa kutokuwa nazo lina kihifadhi kingine kinachowasha zaidi. Na vya asili: mafuta ya nazi ni mazuri kwa wengi, avokado ni nzuri, manjano hayana neno. Ila maji ya ndimu usoni kisha ukatoka juani yanaunguza ngozi, na ndimu hailetwi na kiwanda.

Jua ni lazima nilitaje kabla ya kumaliza. Tuko chini ya digrii moja kutoka ikweta, na Kisii iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Miale ya jua inayodhuru huongezeka kadiri unavyopanda. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 9,729 wenye ualbino. Kwao mafuta ya kukinga jua ni uhai, si urembo. Kule Moshi, Tanzania, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho kwenye hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, na serikali yetu nayo imekuwa ikitenga fedha za mafuta hayo tangu mwaka 2011 kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Unapoyalinganisha, tafuta namba ya kinga isiyopungua 30, tafuta Zinc Oxide, Titanium Dioxide au vichujio vingine vilivyotajwa kwa jina, na yapake kwa wingi: yakipakwa kidogo, ile 30 iliyoandikwa haifiki hata nusu. Na aliyejichubua ajue kwamba ameitupa kinga ambayo mwenye ualbino angelipa chochote aipate.

Wako humu ndani wanaotumia hivi vitu sasa hivi, na sikuja kuwaaibisha. Nina maneno kwa ajili yao. Ikiwa ulichokuwa ukijipaka kwa miezi ni steroidi, usiache kwa siku moja peke yako. Ngozi inaweza kuwaka na uso ukavimba, na mwili uliozoea homoni ya nje unaweza kukosa ya kwake. Nenda umwone daktari akupunguzie kwa mpango. Ikiwa unashuku zebaki, acha leo, nawa mikono, badilisha taulo na foronya, uwaweke watoto mbali, na uombe kupimwa mkojo. Usilichome kopo, kwa sababu mvuke wa zebaki ni sumu kali kuliko krimu yenyewe, na usilitupe chooni. Lifunge kwenye mfuko wa plastiki. Kisha ulibebe, hata kama limebaki tupu, uende nalo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, umwekee daktari mezani, maana yeye naye ataanza kwa kuligeuza asome nyuma.